Nilijua Koki Ilipo

Wiki iliyopita mmoja wenu alinisimamisha nje ya duka la dawa. "Samahani," akasema, "wewe si yule wa gazetini anayeshindwa kila wiki?"

Nikamwambia ndimi.

"Pole sana, ndugu. Ila usishinde haraka. Mke wangu anafuatilia."

Mwambie mkeo atulie. Sehemu ya leo haina ushindi hata wa kuonja.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi bomba. Nagombea udiwani kwa mara ya tatu, kupitia chama ambacho ofisi yake ni mkoba wa mwenyekiti. Katiba imo mkobani, muhuri umo mkobani, na chakula chake cha mchana kimo humo humo. Mara ya kwanza nilipata kura arobaini na moja. Mara ya pili sitini na tatu. Mwenyekiti akaita hiyo kasi ya ajabu.

Wiki iliyopita niliwaacha pale kipaza sauti kilipokufa katikati ya hotuba. Watu kumi na mmoja waliokuja wakabaki wanne, na mmoja kati ya hao wanne alikuwa amelala.

Nilidhani hapo ndipo chini kabisa. Kumbe nilikuwa bado sijashuka.

Mjue kwanza shida ya mtaa wetu. Mabomba yalikuwa makavu kwa miezi kumi na minne. Ofisi ya maji ilisema kuna bomba limepasuka chini ya ardhi, hawajui ni wapi. Mimi fundi nikajipiga kifua: hii ndiyo kampeni yangu. Nikachimba mitaro minne kwa mikono yangu kutafuta huo mpasuko. Mmoja mbele ya shule, mmoja kando ya kituo cha mafuta, na miwili ambayo nimeisahau kwa makusudi. Sikukuta hata unyevu. Watoto wakaanza kuniita Fuko, yule mnyama anayechimba chini bila kuona anakokwenda.

Sasa sikieni ajabu. Mke wangu, Mama Pacha, anafanya kazi ofisi ya maji, tena dirisha la malalamiko. Kila aliyekwenda kulia kwamba mtaa wetu hauna tone alikwenda kumlilia mtu ninayekula naye meza moja.

Jumanne jioni kichwa kilikuwa kinaniuma. Mama Pacha alikuwa uani anaosha nywele kwa maji ya kopo. Nikafungua mkoba wake kutafuta vidonge. Vidonge sikuviona. Niliona bahasha ya kaki, na ndani yake ramani.

Ningeirudisha. Nasema kweli, kama ingekuwa barua ya mapenzi ningeirudisha. Lakini ilikuwa ramani ya mabomba ya mtaa wetu, mistari ya bluu, kipenyo cha kila bomba kimeandikwa pembeni. Nikaitandaza mezani.

Nikafuata mstari mkubwa kwa kidole, kutoka kwenye tangi, kupita shule, kupita kituo cha mafuta. Nyuma ya ukuta wa kinu cha kusaga unga, kidole kikasimama. Palikuwa na alama ya koki, koki kubwa ya kufungia maji ya mtaa mzima. Imezungushiwa duara jekundu. Pembeni, kwa wino mwekundu: IMEFUNGWA. Na tarehe.

Miezi kumi na minne iliyopita.

Hakukuwa na mpasuko. Hakujawahi kuwa na mpasuko. Kulikuwa na koki, na kuna mtu aliifunga.

"Unafanya nini?"

Mama Pacha alikuwa mlangoni, nywele zinachuruzika.

"Hii umeitoa wapi?" nikauliza.

"Nimepewa niipeleke kesho kutolewa nakala. Mashine ya ofisini imekufa. Nimesaini kitabuni kwamba ninayo. Ikunje."

"Mama Pacha, koki imefungwa!"

"Ikunje, nimesema."

Nikaikunja. Akainyakua, akaisukumia mkobani, akaufunga zipu mpaka mwisho.

"Sikiliza," akasema. "Hujaona kitu. Wakijua imepita mikononi mwa mgombea, mimi sina kazi. Unanielewa? Niahidi."

"Nakuahidi."

"Kwa pacha."

Wanetu wawili wako shule ya bweni. Nikaapa kwa wote wawili.

Jumatano tulikuwa na mkutano, kwenye uwanja ulio kando ya gereji. Walikuja watu kama thelathini, kwa sababu Bibi wa Kona alikuwa amewaambia wenzake kutakuwa na viti. Bibi wa Kona ni mama mzee anayekaa nyumba ya mwisho ya mtaa, na akisema jambo asubuhi, mchana linajulikana kila nyumba.

Ndugu wasomaji, nilikuwa na hotuba. Kurasa mbili, nimeziandika kwa mkono wangu. Zilihusu taa za barabarani.

Nilikuwa sijamaliza kusalimia, muuza maji akanikatiza. Alikuwa ameegemea mkokoteni wake wa madumu.

"Fuko! Kwako maji yanatoka?"

"Hayatoki, ndugu yangu. Ndiyo maana nimesi..."

"Hayatoki kwa fundi! Na mkeo yuko ofisi ya maji! Sasa sisi utatutolea wapi, mfukoni?"

Watu wakacheka.

"Au mkeo anakunyima na wewe?"

Hapo uwanja ukavunjika mbavu. Hata Mwenyekiti wangu aliziba mdomo kwa mkoba. Wakanicheka mpaka nikasikia masikio yanawaka moto.

Nikazikunja zile kurasa mbili.

"Maji yapo!" nikapiga kelele. "Hakuna bomba lililopasuka! Mmedanganywa! Koki iko nyuma ya ukuta wa kinu, imefungwa kwa amri, na tarehe ya kufungwa ninaijua!"

Nikaitaja tarehe.

Kimya. Sijawahi kupata kimya kama kile katika maisha yangu ya siasa. Watu waliokuwa wameanza kuondoka wakageuka. Utamu wake siwezi kuwaeleza. Kwa dakika moja nzima sikumkumbuka Mama Pacha, sikuwakumbuka pacha, sikukumbuka kiapo. Nilikuwa nasikilizwa.

"Twende tukaione!" mtu akasema.

Tulitoka thelathini. Kufika kinuni tulikuwa mia tatu.

Nyuma ya ukuta palikuwa na rundo la magunia matupu. Tukayatoa. Chini yake mfuniko wa chuma. Nikaupachika mtaimbo, nikainua. Na pale chini, kavu, nzima, ikiwa na mnyororo na kufuli, ilikuwa koki. Haina hata kutu ya maana.

Mama mmoja akaanza kulia. Alisema amebeba ndoo kichwani tangu mimba ya miezi minane mpaka mtoto sasa anatembea.

"Kata, Fundi!" Hakuna aliyeniita Fuko. "Kata kufuli hilo!"

Mkasi wa kukatia chuma ulikuwa begani, ndani ya mfuko wangu wa kazi. Nikautoa. Nikaufungua mdomo.

"Usiguse!" Mwenyekiti akanishika mkono. "Hiyo ni mali ya umma. Ukikata, wewe ni mhalifu na chama kinafutwa. Sisi ni chama cha sheria. Tutaandika barua."

"Barua?"

"Barua rasmi. Kuitaka ofisi ya maji ifungue ndani ya masaa ishirini na nne. Jina lako, sahihi yako, muhuri wetu. Wakifungua, itakuwa imeandikwa kwamba ni wewe."

Nataka kuwa mkweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Sikuogopa sheria. Niliposikia "itakuwa imeandikwa kwamba ni wewe," moyo ulinituma huko. Niliiona ile barua imewekwa kwenye fremu ukutani. Nikafunga mkasi.

"Ndugu zangu," nikawaambia watu mia tatu wenye kiu, "nisubirini kidogo. Nakwenda kuandika barua."

Tulikwenda duka la kuchapa. Mchapaji alikuwa na kazi za watu wengine watatu. Zamu yetu ilipofika, Mwenyekiti akagombana naye juu ya anwani ianzie kulia au kushoto. Kisha tukakuta muhuri haumo mkobani. Siku hiyo tu, katika uhai wote wa chama, muhuri ulikuwa umebaki nyumbani. Mwenyekiti akaenda kuuchukua kwa miguu.

Masaa mawili.

Nilikuwa nimesimama nje ya duka nikimsubiri, pale bomba la ukutani lilipokohoa.

Fundi anaijua sauti hiyo. Kwanza hewa. Kisha kutu. Kisha maji.

Nikatimua mbio mpaka kinuni. Gari la ofisi ya maji lilikuwa limeegeshwa pale, na juu yake amesimama Mheshimiwa, diwani wetu wa vipindi viwili, amekunja mikono ya shati, amelowa mpaka viwikoni. Mpiga picha yuko chini anamwambia ageuke kidogo. Watu wanacheza kwenye matope. Muuza maji yule yule amekaa juu ya madumu yake matupu, ameshika tama.

"Nilipopata habari," Mheshimiwa alikuwa anasema, "sikungoja hata dakika moja!"

"Ndiyooo!"

Aliponiona akashuka, akanikumbatia mbele ya kamera. Sikioni akaninong'oneza: "Asante kwa kunikusanyia watu, Fundi. Ningewatoa wapi wote hawa siku ya kazi?"

Nikajikaza kisabuni. Nikamwendea Bibi wa Kona, maana yeye alikuwepo tangu mwanzo, alisikia kila neno.

"Bibi, waambie nani aliyeifichua."

Alikuwa anajaza ndoo. Hakuinua kichwa mpaka ilipofurika.

"Wewe ulijua koki ilipo," akasema, "ukaenda kuandika barua."

Jioni ile jina la Fuko lilikufa. Wakanibatiza Bwana Barua.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama Pacha amekaa mezani na viatu vyake miguuni, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri gari. Saa nane mchana. Saa nane yeye huwa dirishani.

"Mbona mapema?" nikauliza, nikijitia hamnazo.

Akanisukumia karatasi. Amesimamishwa kazi. Jumatatu saa nane afike mbele ya kamati ya nidhamu, kwa kosa la kutoa waraka wa ofisi kwa mtu asiyehusika.

"Uliniahidi lini, Baba Pacha?"

"Jumanne."

"Ukatoboa lini?"

"Jumatano."

"Hata siku mbili hazikutimia."

"Walinicheka, Mama Pacha. Walikutaja wewe! Wakasema unaninyima. Nilikuwa nakutetea."

"Kwa kunifukuzisha kazi?"

Nikaenda kufungua bomba la jikoni ili nipate cha kufanya. Maji yakatoka kwa nguvu. Nikalifunga haraka, kwa aibu.

"Ule mwandiko mwekundu," akasema nyuma yangu, "uliuangalia vizuri?"

"Niliuona."

"Ni wangu."

Nikageuka.

"Meneja alisimama nyuma ya kiti changu. Akasema andika imefungwa, andika tarehe. Nikaandika. Maji yanahitajika yadi ya matofali, akasema, presha haitoshi kwa wote, itakuwa wiki mbili tu."

"Yadi ya matofali ya Mheshimiwa?"

"Kuna nyingine?"

Nikakaa.

"Yaani ulijua. Miezi kumi na minne ulijua!"

"Nilijua."

"Na mitaro yangu? Minne, Mama Pacha! Uliniletea chai mtaroni!"

"Nilikwambia usichimbe."

"Uliniambia nitaumia mgongo!"

"Na hukuumia?"

Ndugu wasomaji, niliinuka kumjibu. Nilichosema kilikuwa makelele tu. Nilimwita msaliti. Akaniita mpayukaji. Nikamuuliza alilalaje usingizi. Akaniambia alilala kama anavyolala mtu ambaye nyumba nzima inategemea kiti chake, kwa sababu mumewe yuko barabarani anatafuta kura sitini na tatu.

Hilo lilinichoma zaidi ya Mheshimiwa na kamera yake.

Siku mbili tukawa tunazungumza kwa kutumia vitu. Yeye akifunga mlango, nami nikiweka sufuria chini kwa nguvu. Kila mmoja alikuwa na haki, na nyumba ilikuwa haikaliki.

Jumamosi nilifanya mkutano mwingine. Walikuja saba. Mtaa wote ulikuwa umeanika nguo, mashuka kila ukuta, na akina mama wanaimba jina la Mheshimiwa huku wakisuuza. Na mimi nimesimama pale na siri ya yadi ya matofali mdomoni, imenijaa kama maji ya kusukutua. Ningeitema, Mheshimiwa angekwisha siku ile ile. Na Mama Pacha angekwisha naye, kwa maana mwandiko ulikuwa wake.

Nikaimeza. Nikasoma zile kurasa mbili za taa za barabarani, neno kwa neno.

Jumapili Mwenyekiti akaja nyumbani. Nikamwambia nimeamua kwenda kwenye kamati kukiri kwamba niliichukua ramani mwenyewe bila mke wangu kujua.

Akaweka mkoba chini taratibu.

"Unajua kanuni za uchaguzi zinasemaje? Mgombea akitumia waraka alioupata kwa njia isiyo halali, jina linaondolewa. Siku hiyo hiyo."

"Najua."

"Miaka kumi na miwili tumekijenga chama hiki."

"Najua, Mwenyekiti."

"Basi fikiri vizuri," akasema. Akaniaga. Nikamsikia uani amesimama kuzungumza na Mama Pacha, sauti chini. Nikadhani anampa pole.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alivaa sketi yake ya kazi. Ndipo aliponiambia sentensi nzima kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Ukija, njoo ukiwa umeamua. Usije kufikiria mbele za watu."

Ofisi ya maji iko orofa ya pili ya jengo la halmashauri. Chini yake, orofa ya kwanza, ni ofisi ya msimamizi wa uchaguzi. Chumba cha kamati kina meza ndefu yenye glasi juu na feni isiyozunguka. Meneja alikaa kushoto. Katikati alikaa mama mmoja kutoka makao makuu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Pembeni karani wa kuandika.

Mama Pacha alikuwa kwenye kiti cha peke yake, ameshika mikono. Nikapiga hodi, nikaingia kabla sijajibiwa.

"Wewe ni nani?" Mama wa makao makuu akauliza.

"Mume wake. Nina maelezo."

Meneja akatabasamu. "Bwana Barua," akasema kwa chini.

Nikasema yote. Nilitafuta vidonge, nikaona bahasha, nikaifungua. Aliponikuta alininyang'anya. Aliniapisha nisiseme. Nikasema. Kosa ni langu peke yangu, tangu zipu ya mkoba mpaka uwanja wa gereji.

Karani aliandika kila kitu. Mama wa makao makuu alivaa miwani akanisoma mimi badala ya karatasi.

"Unajua nakala ya haya inakwenda chini, kwa msimamizi wa uchaguzi?"

"Najua."

"Na bado unasaini?"

Nikachomoa kalamu, nikasaini kila ukurasa. Kisha, kwa kuwa sikuwa tena na cha kupoteza, nikauliza.

"Mama, samahani. Na aliyeagiza koki ifungwe, yeye atasaini wapi?"

Meneja akaangalia feni.

"Hilo si ajenda ya leo," Mama wa makao makuu akasema. Lakini alivua miwani alipolisema, na hakuangalia upande wangu.

"Litakuwa ajenda lini?" Huyo alikuwa Mama Pacha. Neno lake la kwanza.

"Wewe, mama, shukuru. Unarudi kazini kesho, na onyo la maandishi. Kikao kimefungwa."

Saa tisa na dakika ishirini. Tukatoka. Nilikuwa nimepoteza kiti ambacho sijawahi kukikalia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano niliweza kupumua vizuri. Nikamshika mkono mke wangu kwenye ngazi. Hakuutoa. Nikajiambia, haya, yamekwisha. Turudi nyumbani tukakae kama watu.

Orofa ya kwanza, kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi, alikuwa amekaa Mwenyekiti. Mkoba mapajani, na juu ya mkoba fomu.

Tukasimama pale hadi msimamizi alipotoka na karatasi moja, akaibandika ubaoni kwa pini. Jina langu, na mstari umepita juu yake. Wino bado unang'aa. Nililitazama kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani.

"Pole," Mwenyekiti akasema, macho yakiwa sakafuni. "Chama ni kikubwa kuliko mtu." Chama chenyewe kilikuwa mapajani pake.

Kisha akainua uso, akaniruka, akamtazama mke wangu.

"Mama Pacha. Jina limetoka. Chama kinaruhusiwa kuweka lingine mpaka saa kumi. Kesho karatasi za kura zinakwenda kuchapwa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Lingine la nani?"

Mwenyekiti akamsogezea mke wangu fomu.

"Mwenyekiti, umemuuliza lini mke wangu jambo hili?"

"Jana. Nilipotoka kwako."

"Naye akasemaje?"

"Alisema anasubiri kuona wewe utafanya nini leo."

Nikauachia mkono wa Mama Pacha. Au yeye aliuachia wangu, sijui. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo na mtu anayemwamini. Nilipanda zile ngazi nikijiona shujaa, kumbe nilikuwa namfagilia mwenzangu njia!

"Ukisaini hiyo," nikamwambia, "unaacha kazi. Mtumishi hagombei. Kazi niliyokuokolea sasa hivi, Mama Pacha. Hata nusu saa haijapita."

"Ninajua."

"Na mwandiko? Ukisimama jukwaani watasema wewe ndiye uliyefunga."

"Nitawaambia niliandika mimi. Na nitawaambia nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Si wamesema si ajenda? Nitaifanya ajenda."

"Wewe hujawahi kusimama mbele ya watu hata kumi!"

"Nimekaa dirisha la malalamiko miaka kumi na mmoja," akasema. "Mtaa mzima umenifokea, mmoja mmoja. Nawajua kwa majina."

Ni kweli. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Si kwamba angeshindwa. Niliona, wazi kama ninavyoiona karatasi hii, kwamba angeshinda. Miaka kumi na miwili, mitaro minne, mgongo wangu, kura arobaini na moja, kura sitini na tatu, na yeye angekipata kiti kwa wiki tatu zilizobaki kabla ya kura.

Akakaa kwenye benchi. Akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, kama anavyosoma kila kitu. Mwenyekiti akampa kalamu yake. Akaijaribu pembeni. Kavu. Akaipuliza, akaisugua kwenye kiganja. Kavu kabisa.

Msimamizi alikuwa amefunga mlango wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Mama Pacha akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu.

"Una kalamu?"

Ilikuwa mfuko wa shati, kifuani, kifuniko chake kimetokeza nje. Ile ile niliyotoka kusainia juu.

"Sina," nikasema.

Akakitazama kile kifuniko. Kisha akanitazama mimi, na hakuurudisha mkono.